Morris Minor ya paa la kukunja imekataa kufunga mlango: ni kutu peke yake?

#1 MjukuuWaNjoro
Habari wadau. Niko Kiamunyi, Nakuru. Babu aliniachia Morris Minor 1000 ya paa la kukunja, logibuku inasema ni ya 1964. Ilisimama bandani Njoro tangu 1991, imefunikwa turubai, na banda lenyewe limetoboka upande mmoja, kwa hiyo majani ya mkaratusi yamelala juu ya turubai miaka yote hiyo. Wiki mbili zilizopita tuliivuta kwa trekta hadi nyumbani.

Ukiitazama kwa juu utasema ni ya kuosha na kupiga rangi. Nikalala chini na bisibisi, nikadunga kizingiti cha upande wa dereva, lile boksi la bati linalopita chini ya mlango kutoka mbele hadi nyuma. Bisibisi ilizama hadi mpinini. Nilipoichomoa ilitoka na unga mwekundu na nyuzi za gunia.

Swali langu ni hili. Tukiwa Njoro mlango wa dereva ulikuwa unafunga vizuri. Tulipofika hapa tukaiinua kwa jeki katikati, tukafungua mlango, na tangu hapo hautaki kufunga. Ulimi wa loki unagonga chini ya pale unapopaswa kuingia, kwa upana wa kidole. Je, ni kizingiti, ni bawaba, au tuliipinda tukiivuta? Na kazi hii naweza kuifanya nyumbani? Fundi mmoja mjini ameahidi kuziba kote kwa fila, ile lipu ya kuziba bodi, na kupiga rangi kwa siku nne. Nimekataa. Mama yangu alipelekwa kanisani kuolewa ndani ya gari hili, paa likiwa limekunjwa. Nataka bati, si fila.

#2 BatiNene
Umefanya vyema kumkataa. Sasa weka grainda chini kwanza. Gari la kawaida lina paa, na paa ni kama kenchi ya nyumba, linashika nguzo za mbele na nyuma ya mlango zisisogee. Lako halina. Mbele na nyuma vimeshikanishwa na vizingiti viwili na sakafu, basi. Kizingiti kikiliwa, gari linabonyea katikati kama kitanda kilichovunjika mfumbati. Mlango wako hauna kosa, ni nafasi yake iliyobadilika umbo. Kesi imeisha.

#3 OmunduWaKhayega
Mulembe. BatiNene umefunga kesi kabla shahidi hajaapishwa. Mjukuu, fungua mlango nusu, ushike kwa chini upande wa loki, uinue. Ukicheza juu na chini, hizo ni pini za bawaba zimelika. Mimi nilikuwa na Minor saluni ya milango miwili, paa lake zima, na mlango ulishuka vilevile. Nikabadilisha pini, ukafunga. Kizingiti hakikuguswa.

#4 KipimoSahihi
Kuna jambo halikai sawa hapo #1. Ukiinua gari hili katikati, pua inashuka kwa sababu ya uzito wa injini. Nguzo ya mbele inainamia mbele, na mlango umeshikwa kwenye nguzo hiyo, kwa hiyo mkia wa mlango unapanda. Loki ingegonga juu. Wewe unasema inagonga chini. Ama ni bawaba kama anavyosema #3, ama hujatuambia sawasawa jeki ilikuwa wapi.

#5 MjukuuWaNjoro
Asanteni. Nimemuuliza kijana aliyeshika jeki, na kweli nilikosea. Jeki ilikuwa katikati ya ekseli ya nyuma, na mbele tulikuwa tumeweka magogo chini ya magurudumu. Tumbo la gari lilikuwa hewani. Jaribio la #3: mlango unacheza, lakini kidogo, kama milimita mbili pale kwenye loki.

#6 BatiNene
Basi gari limeshikwa ncha mbili na tumbo limelala. Nguzo zimeinamiana kwa juu, mkia wa mlango umeshuka. Kizingiti.

#7 KipimoSahihi
Sehemu tu. Upana wa kidole ni milimita 15 hivi. Bawaba zimekula 2. Hizo 13 bado hatujui kama ni kizingiti au ni mguu wa nguzo ya mbele umeoza pale unapokaa kwenye sakafu. Ng'oa kapeti upande wa kanyagio, udunge na bisibisi yako.

#8 JaKisumo
Wakuu, mimi nauliza la nyuma ya hilo. Gari limekaa bandani, limeozaje namna hii? Sisi Kisumu tuna mvuke wa ziwa usiku na mchana, na Peugeot 404 ya mjomba wangu haina doa. Nakuru mna upepo wa magadi. Ule unga mweupe wa ufukweni mwa Ziwa Nakuru ndio unaokula bati.

#9 MwalimuKemia
JaKisumo, magadi ni alkali, na chuma kwenye alkali hushika kutu polepole kuliko kwenye maji ya kawaida. Ndiyo maana nondo hudumu ndani ya zege. Kinachoharakisha kutu ni chumvi inayochanganyika na magadi hayo, na Njoro iko juu, mbali na ziwa.

Mimi nashuku turubai. Kutu inataka maji na hewa, havizidi hivyo. Asubuhi za Njoro ni baridi, bati linapoa, umande unashika chini ya turubai, jua likitoka mvuke hauna pa kutokea. Kila siku, miaka thelathini na zaidi. Na kutu ikishaanza kwenye maungio inafura. Inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwapo, inasukuma bati mbili ziachane, maji yanaongezeka.

#10 JaKisumo
Nimekusikia mwalimu, lakini 404 ya mjomba nayo imefunikwa turubai tangu nikiwa darasa la nne.

#11 NyasiZaLanet
Je, matundu ya kutolea maji? Maji yanayopita kando ya kioo huingia ndani ya mlango na kutokea kwenye matundu madogo kwa chini. Vumbi la Njoro likishachanganyika na hayo majani linakuwa udongo, matundu yanaziba, mlango unageuka ndoo. Pitisha waya uone kitakachotoka.

#12 MjukuuWaNjoro
Nimepitisha waya. Mlango wa dereva umetoa udongo mweusi wa kujaza kikombe cha chai, ukiwa bado na unyevu. Mlango wa abiria umetoa vumbi kavu tu. Na kizingiti cha abiria bisibisi haizami, inapiga kengele.

#13 NyasiZaLanet
Hilo ndilo jibu lako.

#14 MwalimuKemia
Au banda lilitoboka upande wa dereva. Hatujui bado.

#15 MzeeWaReli
Watoto wangu, mnajadili kutu na hamjauliza gari lenyewe ni lipi. Minor ilitoka 1948, kazi ya Alec Issigonis, yule aliyekuja kuchora Mini. Ya paa la kukunja ilikuwapo tangu mwanzo hadi 1969, na kiwandani waliiongezea vyuma vya kuimarisha kwa sababu haina paa. Lakini nikiwa kijana hapa Nakuru niliona saluni za milango miwili zikikatwa paa na mafundi na kuvalishwa turubai. Hizo hazina vyuma hivyo. Unaweza kubadilisha kizingiti chote na mlango ukashuka tena baada ya mwaka.

Fungua boneti, utazame bamba la namba ya chesisi kwenye ukuta wa nyuma ya injini. Baada ya MA kukiwa na T, ilitoka kiwandani na paa la kukunja. Kukiwa na 2S, ni saluni iliyokatwa.

#16 MjukuuWaNjoro
Shikamoo mzee. Nimetazama. Bamba halipo. Pamebaki matundu ya skrubu na alama ya mraba, na ndani ya mraba rangi si hii ya buluu tunayoijua, ni kijani. Kwenye logibuku aina ya bodi imeandikwa saluni. Babu aliinunua kwa mzungu aliyekuwa anahama Njoro. Picha ya 1967 inaonyesha paa limekunjwa, mbele ya stesheni ya Nakuru. Ya kabla ya hapo siyajui.

#17 OmunduWaKhayega
Imeandikwa saluni! Mnataka nini tena?

#18 MzeeWaReli
Marahaba mjukuu. Omundu, polepole. Karani wa siku zile gari dogo lolote angeweza kuliandika saluni. Nimeona pikapu iliyoandikwa saluni. Atazame vyuma, si karatasi.

#19 DadaWelda
Nachomelea bodi hapa Nakuru mwaka wa kumi na moja sasa. Iwe ilikatwa au haikukatwa, kazi ni ile ile, na inafanyika nyumbani ukiwa na subira.

Panga stendi nne juu ya saruji, si juu ya udongo, mbili mbele na mbili nyuma. Jeki ya tano iweke katikati chini ya krosimemba, kile chuma cha kukingama chini ya viti vya mbele, baada ya kukidunga kwanza uhakikishe ni kizima, kwa sababu ndicho kinachoshika ncha za toshenibaa, zile fito za chuma zinazofanya kazi ya springi za magurudumu ya mbele. Pandisha jeki hiyo taratibu huku mtu mwingine ametazama mlango. Milimita moja, unasimama, unapima. Nafasi kati ya mlango na nguzo ikilingana juu na chini, hapo ndipo unafunga. Chukua skwea tyubu, bomba la chuma la pembe nne, ya inchi moja, ichomelee kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma, moja juu, moja chini, na moja ya mshazari. Ziwe upande wa ndani ili mlango uendelee kufungika ukipima. Na uzishike kwenye bati zima. Tyubu iliyochomelewa kwenye kutu inashika hewa.

Kisha kata upande mmoja tu. Ukimaliza, umechomelea, umepima, ndipo uende wa pili kama unahitaji.

Bati nunua geji 18 kwa kizingiti, geji 20 kwa ngozi ya nje. Hiyo ya 20 ni karibu milimita 0.9. Usije ukatumia mabati ya nyumba ya geji 30. Ni karatasi, halafu zinki yake ikiungua moshi wake unakupa homa ya kutetemeka. Nililala nayo usiku mmoja chini ya blanketi tatu. Kodi welda ya MIG, ile inayosukuma waya yenyewe badala ya rodi, yenye waya wa milimita 0.6. Hizi welda za kuchomea geti na rodi nene zitatoboa bati lako kila ukigusa.

Na usivute mstari. Nukta hapa, nukta kule mwisho, nukta katikati, ngoja ipoe hadi uweze kuweka kiganja. Ndipo urudi. Ukivuta mstari mrefu bati linajikunja pembeni kama chapati iliyosahauliwa kwenye kikaango, na halirudi.

Toa betri, tenganisha altaneta. Bomba la petroli linapita chini ya sakafu, liondoe kabisa upande unaochomelea. Ndoo ya maji na mchanga karibu. Tangi la petroli lisiguswe na moto hata likiwa limekauka. Likiwa tupu ndiyo hatari zaidi, kwa sababu ya mvuke uliobaki.

#20 MzeeWaReli
Umenena vizuri binti yangu, ila Minor ya 1964 haina altaneta ya kuchaji betri, ina daynamo, mtambo wa zamani wa kazi hiyo. Na betri yake waya wa chanya ndio ulioshikwa kwenye bodi, kinyume cha magari ya leo. Nimeona watu wakiunganisha kwa mazoea ya leo na moshi ukatoka.

#21 DadaWelda
Asante mzee, nimerekebisha kichwani.

#22 MtaaWaPili
Usikunje bati kwa mkono bure. Mimi vizingiti vya Minor nilipata London, vikiwa vimekatwa tayari kwa kipimo.

#23 JaKisumo
London ya Uingereza au London ya Gioto, mtaa wa hapo Nakuru?

#24 MtaaWaPili
Ya Gioto! Kwa muuza vyuma chakavu. Cha kushoto kilikuwa kizima kabisa.

#25 BatiNene
Ya Uingereza nayo haiko mbali siku hizi. Bati za Minor bado zinatengenezwa kule mpya, kizingiti, sakafu, mpaka madigadi. Kinachouma ni usafiri na ushuru. Nilipiga hesabu mara moja nikarudi kwa geji 18 na nyundo.

#26 Kamagambo77
Kwa nini asiagize gari zima kutoka huko lenye bodi nzuri?

#27 KipimoSahihi
Kamagambo, gari lililotumika likizidi miaka 8 haliingii Kenya. Ya 1964 utaliambia nini bandari? Zilizopo hapa ndizo zilizopo. Ndiyo maana ya uzi huu wote.

#28 MolasiMuhoroni
Kwa vipande vidogo, bawaba, vishikio, fremu ya kioo, msihangaike na brashi ya waya. Huku kwetu molasi tunalishia ng'ombe. Changanya kipimo kimoja cha molasi na maji tisa kwenye pipa la plastiki, tumbukiza chuma, funika, subiri wiki mbili. Nilitoa bawaba za trekta zikiwa za kijivu kama zimetoka dukani. Inanuka, na nzi wa kijiji kizima watahamia kwako. Chuma kizima hakiguswi.

#29 MwalimuKemia
Molasi ni kweli, inafanya kazi. Ongeza tahadhari moja, isiingie aluminiamu, itaiharibu. Na ukitoa chuma, suuza, kausha, piga praima, ile rangi ya msingi, saa hiyo hiyo. Ukinywa chai kwanza utakuta rangi ya chungwa imerudi.

Wanaotaka haraka watumie umeme. Maji, magadi ya kufulia, chaja ya betri. Hasi kwenye kipande chako, chanya kwenye chuma chakavu. Fanya nje, kwa sababu gesi inayotoka ni haidrojeni na inalipuka. Upande wa chanya usiweke chuma kisichoshika kutu, kama cha sufuria za kung'aa. Kinatoa sumu ya kromu kwenye maji. Magadi ghafi ya mawe pia yana chumvi ndani yake, afadhali yaliyosafishwa.

#30 Kamagambo77
Na ile asidi ya kugeuza kutu? Rafiki yangu alipaka kizingiti kizima, kikawa cheusi kizuri, akapiga rangi juu. Anasema kutu imekwisha.

#31 DadaWelda
Rangi imekwisha kubadilika. Asidi ya fosforasi inageuza kutu ya juu, hairudishi unene. Bati lililobaki kama chujio la chai litabaki chujio jeusi. Ipake kwenye bati lililo imara lenye kutu nyepesi, hapo ni dawa nzuri sana. Kwenye kizingiti kilichotoboka unaficha jipu.

#32 BatiNene
Na mkimaliza msiache gari kwenye praima mkingoja pesa za rangi. Niliacha boneti ya Peugeot na praima ya kijivu kuanzia Machi, nikarudi Agosti. Kwa macho ilikuwa sawa. Nikapitisha msasa wa 320, chini yake kutu imetandaa kama ramani. Praima ile ya kujazia inanyonya maji, na fila nayo vilevile. Bati tupu lipewe praima ya epoksi kwanza, mengine yafuate. Rangi ya mwisho ikiwa ya kuchanganya na dawa ya kuigandisha, usiipulize nyumbani na barakoa ya kitambaa. Ule mvuke unaharibu mapafu. Mpelekee mwenye chumba na hewa ya bomba.

#33 OmunduWaKhayega
Ndani ya kizingiti je? Babangu alikuwa anamimina oili chafu, na lori lake la miwa lilidumu.

#34 DadaWelda
Oili chafu inasaidia kwenye chesisi ya lori. Kwenye gari hili itatiririka hadi kwenye raba za milango na kuzifurisha, na ukitaka kuchomelea tena baadaye itawaka. Nta ya kupuliza ndani ni bora. Ila puliza baada ya kuchomelea kila kitu, si kabla.

#35 MjukuuWaNjoro
Wadau, ripoti. Jumamosi nilipanga stendi kama DadaWelda alivyosema, nikapandisha jeki ya katikati. Krosimemba ni nzima, ashukuriwe Mungu. Ndugu yangu alishika vanie, kile kipimo cha milimita, na kunisomea loki inagonga chini kiasi gani. Ilianza 15, ikaja 11, ikaja 7, bati likalia kama mlango wa kanisa, ikaja 4. Nyingine hakuna. Hata nikipandisha zaidi inakaa 4 na gari zima linaanza kuinuka. Nikafunga skwea tyubu pale pale.

Nikakata kizingiti cha dereva. Ndani kulikuwa na gunia lililojazwa saruji, limekauka na kushika umbo la boksi. Mtu aliziba kutu kwa zege miaka hiyo na kupaka rangi juu. Kuna kipande cha debe la mafuta ya kupikia pia, kimekunjwa vizuri kabisa.

Halafu hii hapa sielewi. Mguuni mwa nguzo ya nyuma, upande wa dereva, kuna chuma cha pembetatu kimefungwa kati ya nguzo na kizingiti. Upande wa abiria nimetoa kapeti, hakipo. Pana mstari wa shaba ya kuungia vyuma tu, urefu wa kiganja.

#36 MzeeWaReli
Kwa hiyo kimoja kipo. Fundi wa kukata paa hakuwa anahangaika na pembetatu. Hiyo ni ya kiwandani, ya abiria ilitolewa baada ya ajali na mahali pake pakafungwa kwa shaba.

#37 OmunduWaKhayega
Au fundi aliona mlango wa dereva unashuka, kwa sababu ndio unaofunguliwa kila siku, akaongeza pembetatu upande huo tu. Na shaba ni pale alipokatia paa. Mzee, samahani, mimi bado nasema saluni.

#38 NyasiZaLanet
Shaba peke yake haithibitishi lolote. Hata viwandani wakati ule walitumia shaba kwenye baadhi ya viungo.

#39 BatiNene
Saruji ilishika unyevu ndani ya boksi. Sahauni turubai, sahauni udongo wa mlango. Gunia lenye saruji lililolowa linakaa kama sifongo dhidi ya bati.

#40 MwalimuKemia
Hapo nakupinga kidogo. Saruji yenyewe ni alkali, nilisema #9. Lakini gunia pembeni yake, ndiyo, hilo linanyonya. Na aliweka zege kwa sababu kutu ilikuwa imeshaanza.

#41 KipimoSahihi
Mimi narudi kwenye 4. Mbili ni bawaba. Mbili zilizobaki ni za nani? Ulitazama mguu wa nguzo ya mbele nilivyokuomba #7?

#42 MjukuuWaNjoro
Nilitazama. Unatoa unga kidogo ukigongwa, lakini bisibisi haipiti. Wiki ijayo nachomelea kizingiti, sitagusa nguzo mpaka nijue. Mama alipita jioni, akashika mlango, akasema siku ya harusi ulikuwa unafungwa kwa kuinuliwa kidogo kwa goti. Mwaka 1979.

#43 OmunduWaKhayega
Bawaba! Tangu 1979!

#44 BatiNene
Au kizingiti, tangu 1979.

#45 MzeeWaReli
Mjukuu, nifanyie jambo moja kabla hujaweka bati jipya. Kwangua rangi pembeni mwa hiyo pembetatu, utupe picha. Kama chini ya buluu kuna kijani kilekile cha ukuta wa injini, na kijani hicho kimepita juu ya pembetatu bila kukatika, ilikuwapo gari lilipopigwa rangi ya kwanza.

#46 MjukuuWaNjoro
Nitakwangua kesho mchana nikiwa na mwanga.

#47 DadaWelda
Usitumie grainda hapo, itakula rangi zote kwa mara moja. Msasa wa 400, maji, na kidole.